Vyombo Virudi Safi na Vizima

Jumamosi ikifika, mtawa anayemaliza zamu ya jikoni haondoki hivi hivi. Kwanza anasafisha kila mahali. Anafua vitambaa ambavyo wenzake wamefutia mikono na miguu wiki nzima. Yeye na yule anayepokea zamu wanaosha miguu ya jumuiya yote, mmoja baada ya mwingine. Kisha anakusanya vyombo vyote alivyotumia na kumkabidhi mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Mtunza ghala naye anamkabidhi wa zamu mpya, akijua alichopokea na alichotoa. Jumapili, mara baada ya Masifu ya Asubuhi, hao wawili wanapiga magoti kanisani mbele ya ndugu zao wote na kuomba waombewe. Anayetoka anamshukuru Mungu aliyemsaidia, anayeingia anaomba Mungu aje kumsaidia, na kila mmoja anarudia sala yake mara tatu.

Utaratibu huo umo katika sura ya 35 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu chembamba cha sura 73 kilichoandikwa Italia katika karne ya 6. Mwandishi wake alizaliwa Nursia karibu mwaka 480 na akafia Monte Cassino, kwenye monasteri aliyoianzisha juu ya mlima karibu mwaka 529. Huku kwetu wanaoishi kwa kanuni hiyo tunawafahamu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Bavaria walifika Pugu mwaka 1888. Wakaanza Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, misheni ikachomwa moto wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakaijenga upya. Ndanda ikafuata mwaka 1906. Watu wa Ruvuma na Mtwara wakitaja nyumba hizo, mara nyingi wanazungumzia hospitali, shule, karakana ya useremala, vitabu vilivyochapwa huko. Wanavitaja kwa haki kabisa. Lakini kazi iliyo nyuma ya kazi hizo zote inafanyika kwa namna isiyoonekana barabarani, nayo ndiyo inayonivuta kila ninapokifungua kitabu hiki: ni jinsi Benedikto anavyomtengeneza Mkristo kwa kumwambia aweke wapi mwiko.

Sisi tumezoea kuutafuta mwelekeo wa maisha kwenye siku kubwa. Tunakumbuka usiku wa mkutano wa injili tulipopita mbele, siku ya kipaimara, mkesha wa mwaka mpya tulipoahidi kubadilika. Nazithamini siku hizo, na sitaki mtu asome hapa dharau juu yake. Ila Benedikto hazungumzii sana siku kubwa. Hata ule msemo maarufu wa Sala na Kazi, ambao kila mtu humpa yeye, haumo katika Kanuni yake. Alichoandika ni saa ya kuamka, namna ya kuitikia mlangoni, nani apewe nguo gani, aliyechelewa asimame wapi. Anayekisoma kwa haraka anaweza kukiweka chini akidhani ni kitabu cha msimamizi wa bweni. Anayekisoma polepole anamwona fundi.

Na yeye mwenyewe anautaja ufundi huo waziwazi. Sura ya 4 inahusu zana za matendo mema, na orodha yake ina zana zaidi ya 70. Imeanza na kumpenda Mungu kwa moyo wote na jirani kama nafsi yako, ikaendelea na kumlisha maskini, kumvika aliye uchi, kumtembelea mgonjwa, kumzika aliyekufa. Katikati ya hayo makubwa yanaingia mambo ya kila saa: usiwe mlaji kupita kiasi, usiwe mtu wa kulala sana, usiwe mnung'unikaji, usipende maneno mengi, usitoe amani ya uongo, patana na uliyegombana naye kabla jua halijazama. Mwisho wa sura anaeleza kwamba zana hizo hutumiwa mchana na usiku bila kukoma, na siku ya hukumu zitarudishwa. Hapo ndipo unaposhtuka. Kumbe uvumilivu, ukimya na msamaha, kwa macho ya Benedikto, vimetoka ghala moja na sufuria. Ni mali ya Bwana tuliyoazimwa, na siku ya kukabidhi tutaulizwa vilipo na hali yake.

Ndiyo maana sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avione vyombo vyote na mali yote ya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altareni. Jembe, ndoo, kikapu, kalisi: heshima moja. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba hapo Benedikto ametia chumvi. Mimi naona amesema kitu ambacho wengi wetu hatujakiamini bado. Tunabeba Biblia kwa mikono miwili, tukifika ofisini tunatupa faili la mtu mezani bila kujali kwamba ndani yake mna shauri la shamba la mjane. Mkono ni ule ule. Unajifunza upole au ukatili kutokana na kile unachokishika mara nyingi, na faili tunalishika mara nyingi kuliko kalisi. Sura hiyo hiyo inasema mtunza ghala akiwa hana cha kumpa anayeomba, ampe neno jema la kumjibu. Nalipenda sana agizo hili kwa sababu linamfuata mtu hadi mahali ambapo ghala ni tupu.

Sura ya 46 ndiyo ninayoisoma taratibu kuliko zote. Mtawa akiwa jikoni, ghalani, kwenye karakana, bustanini au popote anapofanya kazi, akivunja kitu au akipoteza kitu, aende mara moja mwenyewe mbele ya abate na jumuiya akaseme. Asiposema, ikajulikana kwa mdomo wa mwingine, adhabu inakuwa kubwa zaidi. Lakini kama kosa ni dhambi iliyofichika moyoni, asimwambie ila abate au mmoja wa wazee wa kiroho, mtu anayejua kuponya majeraha yake mwenyewe na ya wengine bila kuyaanika.

Tazama jinsi alivyopanga. Sufuria iliyotoboka inatangazwa mbele ya wote. Jeraha la roho linapelekwa kwa mmoja tu, tena aliyewahi kujiponya. Mara nyingi sisi tumegeuza. Kilichovunjika ofisini tunakificha, tunasukuma lawama kwa aliyehama, tunasubiri ripoti ya mwaka ipite. Udhaifu wa mwenzetu wa moyoni tunaupeleka kwenye kundi la maombi ukiwa umevikwa nguo ya ombi. Benedikto anajua kwamba mtu aliyezoea kusema mapema, bila kuitwa, kwamba ni mimi niliyevunja, amezoeza ulimi wake ukweli juu ya kitu cha bei ndogo. Siku ikija ya jambo zito, ulimi huo una njia ya kupita, maana umeshapita hapo mara nyingi kwa ajili ya vikombe na miiko.

Baada ya vyombo inakuja kengele. Sura ya 43 inasema ishara ya sala ikisikika, mtawa aache mara moja chochote kilicho mkononi na kwenda kwa haraka, ingawa kwa utulivu. Hakuna kitakachotangulizwa mbele ya Kazi ya Mungu, ndivyo anavyoiita sala ya pamoja. Anayejua useremala anaelewa uzito wa agizo hili. Ubao wa mninga umebanwa kwenye meza. Patasi ya randa imenolewa vizuri, maranda yanatoka marefu na membamba, bega limeshapata mwendo wake. Umebaki urefu wa mkono mmoja kufika ukingoni. Kengele inalia. Kusukuma mara nne tu kungetosha, na kila sababu ya kusukuma ni njema: ubao ni wa kiti cha hospitali, mwanga ni mzuri, mkono ukipoa utaanza upya. Fundi anailaza randa kwa ubavu ili makali yasiguse meza, anakung'uta maranda kwenye nguo, anakwenda.

Naamini hakuna zoezi la kiroho lililo gumu kuliko hilo, na ugumu wake uko katika udogo wake. Anayeacha dhambi anapata angalau fahari ya kuacha dhambi. Huyu anaacha jema, likiwa nusu, kwa ajili ya mwingine aliyemwita, na hakuna atakayempongeza. Ubao unamngoja vilevile. Akifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kila siku, miaka inapopita kunakuwa na jambo moja analolijua mwilini: kwamba kazi ni yake kuifanya, si yake kuimiliki. Mtu wa namna hiyo hata ugonjwa ukimtoa kazini, hata kustaafu kukifika, ameshafanya mazoezi ya kuondoka mezani.

Na aliyechelewa je? Hapa Benedikto ananigusa zaidi. Mwanzoni mwa sala ya usiku kuna Zaburi ambayo kwa hesabu ya Biblia zetu ni ya 95, ile inayoita watu waisikie sauti ya Mungu leo. Kanuni inaagiza Zaburi hiyo isemwe polepole kabisa, ivutwe, ili wanaochelewa wapate nafasi ya kuingia. Jumuiya nzima inapunguza mwendo kwa ajili ya mtu ambaye bado anafunga mkanda wake gizani. Akiingia hata baada ya hapo, anasimama mahali pa mwisho au palipotengwa na abate, aonekane na wote, aone aibu kidogo, ajirekebishe. Hafungiwi nje, na sababu iliyotolewa ni ya mtu aliyeishi na watu: akibaki nje atarudi kulala, au atakaa chini apige soga. Bora aingie, asikose yote. Ukali upo, lakini mlango uko wazi.

Sura ya 22 inaingia mpaka kitandani. Walale wamevaa, wamejifunga mikanda, wakiwa tayari kuinuka. Taa iwake chumbani mpaka asubuhi. Vitanda vya vijana vichanganyike na vya wazee. Wakati wa kuamka watiane moyo kwa upole, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio. Na kabla ya kulala visu vitolewe kiunoni, mtu asije akajijeruhi ndotoni. Mchana kisu ni chombo halali, kinakata mkate na kamba. Simu zetu ndizo visu hivyo. Mchana tunafanyia kazi, tunatumia kutuma ada ya mtoto na kumjulia hali mama kijijini. Usiku, zikiwa chini ya mto, zinatujeruhi nusu usingizini kwa picha, kwa ugomvi wa watu tusiowajua, kwa wivu. Mkristo anayeiacha simu yake sebuleni saa tatu usiku amefanya uamuzi mdogo kabisa, na asubuhi yake inaanza mahali pengine kabisa na ya yule aliyelala nayo.

Kuna jambo moja la kila siku ambalo Wakristo wa madhehebu yote wanalo tayari, nalo Benedikto analitumia kwa akili kubwa. Sura ya 13 inaagiza kwamba Masifu ya Asubuhi na ya Jioni yasiishe kamwe bila kiongozi kuisema Baba Yetu yote kwa sauti, wote wakisikia. Sababu yake ni miiba. Watu wanaoishi pamoja huota miiba ya makwazo, anasema, na ahadi waliyoitoa katika sala hiyo, ya kusamehe kama wanavyosamehewa, inawabana waisafishe nafsi yao. Yaani anakubali kabisa kwamba kati ya asubuhi na jioni wamekwaruzana. Hasubiri semina ya upatanisho. Mara mbili kwa siku, mwaka mzima, ombi la msamaha linatamkwa katikati ya waliogombana kwa ajili ya zamu ya bustani, na kila mmoja analisikia akiwa amesimama hatua chache kutoka kwa mwenzake. Sisi tunaisali haraka haraka, ibada ikikaribia kwisha, mkono mmoja umeshashika mkoba. Ningeomba tujaribu kuisema jioni nyumbani, mume na mke na watoto wakubwa, polepole kwenye ule mstari wa kusamehe, wakijua wazi nani hajazungumza na nani tangu mchana.

Si kila kitu katika Kanuni nakipokea. Zipo sura zinazoruhusu viboko kwa watoto na kwa wakaidi, na kuuelewa wakati wake hakunifanyi niutetee. Hata hivyo, katika sura ya 64 Benedikto mwenyewe anamwonya abate asikwangue kutu kwa nguvu mno, chombo kisije kikavunjika, na akumbuke daima udhaifu wake mwenyewe. Onyo hilo lingewasaidia wazazi wengi na wachungaji wengi, na mimi nalisoma kwa ajili yangu pia, maana ni rahisi kujiendea kwa hasira mtu anapoanza kujirekebisha.

Fundi mwenye sifa naye hakuachwa. Sura ya 57 inasema mafundi wa monasteri wafanye kazi zao kwa unyenyekevu. Akitokea anayevimba kichwa kwa ujuzi wake, akiona yeye ndiye anayeiletea nyumba faida, aondolewe katika ufundi huo, asiurudie mpaka amejinyenyekeza na abate akamruhusu tena. Bidhaa zikiuzwa, bei iwe chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili Mungu atukuzwe katika yote. Bei! Uchoyo hauanzi na wizi mkubwa. Unaanzia kwenye shilingi ile ya mwisho ambayo soko lingekuruhusu kuichukua. Anayejizoeza kuiacha, kila anapouza, anajenga kitu ambacho mahubiri ya Jumapili juu ya utoaji hayawezi kukijenga peke yake.

Ufundi huu haukubaki ndani ya kuta. Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kilizikusanya saa nyingi za sala za watawa zikawa mbili, sala ya asubuhi na sala ya jioni, ili mkulima na mfua vyuma waweze kuzishika parokiani kwao. Waanglikana wetu bado wanatembea katika njia hiyo. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa kitabu cha mafungu ya Biblia ya kila siku tangu mwaka 1731, na kanisa lao lilipofika Rungwe mwaka 1891 lilikuwa tayari na mazoea ya vizazi ya kuianza siku na fungu moja. Hapa hakuna ushindani wa madhehebu. Wote wamegundua kwamba moyo wa mwanadamu haudumu siku nzima kwa nguvu ya jana.

Anayetaka kuingia monasterini hapokelewi kwa urahisi, na kiapo chake hakitegemewi kupita kiasi. Sura ya 58 inataka asomewe Kanuni yote baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita, tena baada ya minne, na aambiwe kwamba akiweza aingie, asipoweza yuko huru kwenda. Akishaweka nadhiri anavuliwa nguo zake, anavikwa za nyumba. Zile za zamani hazitupwi. Zinatunzwa kwenye ghala la nguo, ili kama siku moja ataamua kuondoka, azivae na kwenda. Nyumba inajua kwamba siku ya nadhiri, pamoja na nyimbo zake, haikumaliza lolote. Bruda wa miaka 30 anayepita mbele ya mlango wa ghala asubuhi akienda kanisani anachagua tena, ingawa hasimami hata kidogo.

Hesabu hiyo ya kila asubuhi ingeweza kumvunja mtu moyo. Zana zaidi ya 70 ni nyingi. Ukijipima nazo jioni moja tu, kwa haki, unakuta uliyonung'unika ni mangapi, maneno ya bure ni mangapi, amani ya uongo uliitoa wapi, na jua limezama bila kumpigia simu ndugu yako. Benedikto alijua msomaji atafika mwisho wa orodha akiwa katika hali hiyo, na zana aliyoiweka ya mwisho kabisa, baada ya kupatana na uliyegombana naye kabla ya jua kuzama, ni hii: usiikatie tamaa kamwe huruma ya Mungu. Ameiweka ndani ya orodha, iwe na mpini wake na kazi yake kama zile nyingine, ichukuliwe mkononi kila siku. Halafu anataja karakana ambamo zana zote hizi zinatumika, yaani nyumba yenyewe na kudumu ndani ya jumuiya pamoja na watu wale wale, na bila kupumzika anafungua sura ya 5, inayohusu utii.